Safari ya Kwenda na Kurudi

Mwezi wa nane, shule zikifunga muhula wa pili, Nakivale inajaa watoto. Vumbi la kiangazi liko juu, mahindi yameshavunwa, na watoto wanazunguka kutoka bombani mpaka uwanjani, kutoka uwanjani mpaka bombani, kutwa nzima. Wakati huo ukimwambia jirani, "Kesho nampeleka mtoto Mbarara," atakuuliza kwanza: "Iko mugonjwa?" Ukisema hapana, anakuja na swali la pili: "Wamewaita?" Yaani, kuna mahojiano? Kuna ndege? Ukisema hapana tena, anakuangalia tu. Kama mtoto si mgonjwa, na hamjaitwa, basi mnaenda kufanya nini?

Hilo swali la tatu ndilo nataka tulifikirie hapa, kwa sababu si udaku. Ni swali la haki na wajibu. Mzazi mkimbizi mwenye hela kidogo, je, ni sawa aitumie kumtembeza mtoto mdogo, bila shida yoyote inayomsukuma? Wengi kati yetu tunajibu hapana hata kabla ya kufikiri. Mimi najibu ndiyo. Lakini sababu yangu haiko kwenye raha, ingawa raha si dhambi. Nasema mtoto anahitaji kujua kurudi.

Hebu tuhesabu safari zinazosimuliwa nyumbani mwetu. Ya kwanza ni ile ya kutoka kwetu: Masisi, Rutshuru, Fizi, Uvira, Minembwe, au Burundi, au Somalia. Tunaisimulia usiku, saa ingine bila kuangalia kama mtoto amelala au bado. Ilianza kwa risasi, mlango ukaachwa wazi, chungu kikabaki jikoni. Ya pili ni ile ya kwenda nchi ya tatu: fulani kesi yake imefunguka, wamepima afya, wamepanda basi na mabegi, wameenda Marekani, wameenda Kanada. Tunalia, tunapiga picha, tunagawana sufuria zao. Ya tatu ni ya hospitali: mtoto amezidiwa, wanamkimbiza Mbarara usiku.

Sasa jiweke mahali pa mtoto wa miaka 5. Safari zote tatu anazozijua, watu wanaondoka kwa sababu kitu kimevunjika, na katika mbili za kwanza hawarudi. Rafiki aliyepanda basi la mabegi hakurudi. Nyumba ya babu ilibaki Kongo, haikurudi. Kwa mtoto huyo, kuondoka maana yake ni kupoteza. Ndiyo maana mama akichelewa sokoni kidogo tu, kuna watoto wanaolia kilio ambacho hakilingani na saa moja ya kuchelewa. Tunasema mtoto huyu ana deko. Mimi nadhani huyo mtoto amesikiliza vizuri hadithi zetu.

Na jina lenyewe tunaloitwa linasaidia kumfundisha hivyo. Mkimbizi ni mtu aliyekimbia. Lakini mtoto aliyezaliwa Kabazana au New Congo hajakimbia hata hatua moja. Amefunguliwa macho hapa, meno yake yameota hapa. Karatasi inampa jina la safari ambayo hakuifanya, halafu sisi hatumpi safari yoyote ya kwake mwenyewe.

Sheria haituzuii. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa uhuru wa kutembea ndani ya nchi, kukiwa na mipaka inayowekwa na sheria na utaratibu wa ofisi. Ile ya zamani, ya mwaka 1960, ilikuwa ngumu zaidi. Mkimbizi alitakiwa kukaa palepale alipopangiwa. Na tukumbuke ndugu zetu walioko Nyarugusu, Tanzania, ambao hawaruhusiwi kutoka nje ya eneo la kambi bila kibali. Wengine ni wajomba zetu na shangazi zetu kabisa, tuliachana nao njia panda, sisi tukaja Uganda, wao wakavuka Ziwa Tanganyika. Mtoto wao hawezi kuamka asubuhi akaambiwa, twende tuone mji. Wa kwetu anaweza. Hiyo ni haki ambayo wengi wetu tunaiweka sandukuni pamoja na atestesheni, hatuigusi mpaka mtu augue.

Tena Uganda ilikubali Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Lakini mimi si mwanasheria, na kifungu hakilipi nauli. Turudi kwenye nauli.

Mwaka jana mwezi wa nane tulienda, mimi na mama watoto na mtoto wetu wa miaka 5. Nauli ya wakubwa wawili kwenda na kurudi, mtoto tukimpakata, chakula cha mchana tukila sahani mbili watu watatu, soda moja, na ndala mpya: yote ilifika karibu shilingi 70,000. Sifichi hiyo hesabu, kwa sababu maadili yasiyo na hesabu ni maneno ya watu walioshiba. Hiyo hela ingenunua unga na maharage ya siku nyingi.

Na hatuishi katika wakati wa neema. Tangu 2020 msaada wa chakula umekuwa ukipunguzwa. Mwaka 2023 familia ziliwekwa kwenye makundi, na wale walioonekana wanaweza kujitegemea wakaondolewa kwenye orodha. Kila nyumba hapa inajua siku ambayo simu haikuleta ule ujumbe uliosubiriwa. Kwa hiyo mama mmoja jirani aliponiambia, "Mutoto anakula matembezi?", hakuwa ananitukana. Alikuwa anauliza kitu ambacho lazima kijibiwe.

Jibu langu ni hili. Sisi watu wa Nakivale, pamoja na njaa yetu, hatujawahi kutumia hela kwa chakula peke yake. Mtu akifa, tunachanga. Binti akiolewa, tunachanga, tena tunashona kitambaa cha sare. Sadaka inatolewa kila Jumapili, zaka inatolewa, Idi inapikiwa pilau. Hakuna anayesimama kilioni kuuliza: maiti anakula sanda? Tunajua kwamba mtu si tumbo tu. Kuna vitu tunavifanya ili tubaki watu, na hivyo hatuviiti anasa. Mbona basi ikifika zamu ya mtoto mdogo, ndipo tunakumbuka hesabu ya unga?

Nadhani ni kwa sababu tumejifunza kujihesabu kwa macho ya fomu. Fomu inauliza: mna vitanda vingapi, mnakula mara ngapi, nani mgonjwa, nani mjane, nani kilema. Fomu ina haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu haina nafasi ya mambo mengine. Shida inakuja pale mzazi anapoanza kumtazama mtoto wake kwa maswali yaleyale. Hapo mtoto anastahili kupelekwa Mbarara akiwa na homa tu. Akiwa mzima, akiwa na macho yanayotaka kuona, hana sababu inayokubalika. Mtoto anaona kwamba ugonjwa unaheshimiwa kuliko uzima. Mimi sitaki ajifunze hivyo.

Mbarara yenyewe si ajabu kubwa. Imekuwa jiji tangu Julai 2020, lakini ni mji ambao mtu mzima anaumaliza kwa mguu. Ila kwa mtoto wa miaka 5! Njiani alikuwa kimya, anashangaa migomba ya Isingiro inavyopanda vilima, kijani, wakati kwetu nyasi zimekauka. Mjini aliona sanamu ya ng'ombe wa Ankole na pembe zile ndefu, akauliza kwa nini haina mkia unaotembea. Aliona ghorofa, akauliza: "Bale ba juu, nani anabeba maji yao?" Swali la mtoto wa Nakivale hilo. Mtoto wa mjini asingeliuliza.

Halafu tulisimama kando ya mto Rwizi. Maji yalikuwa ya udongo, si mto wa kupiga picha. Akauliza: "Hii maji inaenda wapi?" Na kweli najua inakoenda. Rwizi inateremka kuelekea mashariki, inalisha yale maziwa madogo ya huko chini, Mburo na Nakivale yakiwemo, kabla maji hayajaelekea Ziwa Viktoria. Na Ziwa Nakivale ndilo linalotupa maji mengi ya bomba tunayochota kwa madumu. Basi nikamjibu: "Inaenda kwetu."

Mama watoto akanitazama. Neno lenyewe lilikuwa dogo, lakini sote wawili tulilisikia. Kwetu ni wapi?

Hapa tunafika kwenye pingamizi kubwa kuliko lile la unga. Baadaye nilimsimulia mzee mmoja wa Fizi, mtu ninayemheshimu kama baba, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ule mutoto atasahabu kwao. Ukimufundisha kurudia Nakivale, siku ya kurudia Kongo atakuuliza, kufanya nini?" Kwa mzee, neno "kurudi" ni kama amana. Ameliweka kwa ajili ya siku moja tu, siku ya kurudi kijijini, kuona miembe ya baba yake. Kulitumia kwa safari ya taksi ya jioni kutoka Mbarara kuja kambini ni kama kuchukua kitambaa cha altare ukapangusia meza.

Namwelewa. Kama kila mtu akisema kwetu ni Nakivale, nani atadai ardhi iliyobaki kule? Nani atakumbuka kwamba tulifukuzwa, hatukuhama kwa kupenda? Kuzoea kunaweza kuwa namna ya kusamehe kitu ambacho hakijaombewa msamaha. Sitaki kulirukia hilo kwa haraka.

Lakini naona mzee anadhani hamu ya kurudi inarithiwa kama pua. Mimi nadhani inafundishwa kama lugha, na lugha hufundishwa kwa kuitumia. Mtoto ambaye hajawahi kurudi popote, ukimwambia "siku moja tutarudi Kongo", anasikia kelele tu. Hana mahali pa kuliweka hilo neno. Hajawahi kuondoka mahali, akapatamani kwa mbali, akaona kilima kile anachokijua kinatokea dirishani, akasema "tumefika!" Wetu alisema hivyo. Taksi ilipoingia Base Camp, giza limeshaanza, mtu mzima yeyote angeona mabati na vumbi. Yeye alipiga kelele za furaha kwa sababu aliona duka analolijua. Siku ile ndiyo alijifunza maana ya kurudi, kwa shilingi 70,000. Sasa nikimsimulia miembe ya Fizi, naweza kumwambia: unakumbuka vile ulivyofurahi tulipofika? Babu yako mzee yule, moyo wake unangoja vile. Miaka mingi, vile.

Na historia ya hapa hapa inanipa moyo. Makazi haya yamepokea wakimbizi tangu karibu 1960, na wa kwanza walikuwa Wanyarwanda waliokimbia baada ya machafuko ya 1959. Watoto wao walizaliwa katika ardhi ya Ankole, wakachunga ng'ombe humu, wakasema Kinyankole. Baada ya 1994 wengi wa kizazi hicho walirudi Rwanda, nchi ambayo hawakuwahi kuiona. Kuzaliwa hapa na kupazoea hapa hakukuwafunga miguu. Siwasifu wala siwalaumu kwa mambo ya siasa yaliyowarudisha. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuwa na nyumbani kuwili, na cha kwanza hakikifuti cha pili. Mtoto anaweza kuwapenda mama na nyanya siku moja, wala hatumwiti msaliti.

Ninachoona ni hatari zaidi ni mtoto asiye na nyumbani hata kumoja. Kule haruhusiwi kwenda kwa sababu ya vita, na hapa haruhusiwi kupaita kwao kwa sababu ya heshima yetu. Huyo ndiye tutakayekuja kumlaumu akiwa na miaka 18, tukisema vijana wa siku hizi hawajali kitu, hawapandi mti, wanangoja ndege tu. Atapanda mti wapi, kama kila siku tulimwambia hapa si kwenu na kule huwezi?

Waswahili wana maneno mawili yanayogombana. Moja linasema mtembezi hula miguu yake. Lingine linasema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Nadhani yote mawili ni kweli, na hekima ni kujua lini ni zamu ya lipi. Kuna safari ambayo ni kula miguu. Kama nina deni la dawa, au jirani amenikopesha unga na sijarudisha, kwenda Mbarara kunywa soda ni kuiba. Kama nampeleka mtoto ili nipige picha niwatumie watu walioko ng'ambo waone na sisi tunatembea, hapo mtoto amekuwa begi langu tu. Na kama kumtembeza mmoja ni kumnyima mwingine karo, jibu liko wazi. Deni linatangulia, dawa inatangulia, shule inatangulia. Ila baada ya hayo, matembezi ya mtoto yasisubiri mpaka tutajirike. Yeye ana miaka 5 mwaka huu tu.

Limebaki jambo moja, nalo lilinisumbua kuliko yote. Siku iliyofuata mtoto wetu aliwasimulia wenzake uwanjani: nyumba iliyopanda juu ya nyumba, ng'ombe asiyekula, mto. Jioni yule mama jirani akaja tena. Mtoto wake amemuuliza, "Na sisi tutaenda lini?" Hakuwa na jibu. Akaniambia, bila hasira, kwamba nimewaletea swali ndani ya nyumba.

Ni kweli, na swali hilo linauma. Yeye ana watoto 6 na mume yuko mbali. Mtu anaweza kusema: basi heri sote tukae, asionje yeyote, kusiwe na wivu. Lakini kwa hoja hiyo tungefunga hata shule, maana na yenyewe wengine hawafiki. Mimi naona kwamba kilicho kibaya ni jirani kukosa, si mtoto kuuliza. Na jambo baya la jirani ni deni langu pia, kwa sababu mimi ndiye niliyeona kwamba linawezekana.

Kwa hiyo tulikaa, akina mama na akina baba wa mstari wetu, tukaongea. Likelemba tunayo tayari. Kila wiki mtu anaweka kidogo, na kila wiki mmoja anachukua. Tulikubaliana kwamba pembeni ya ile kubwa kuwe na nyingine ndogo kabisa, ya shilingi 500, ya watoto, na likizo ikifika waende wawili watatu na mtu mzima mmoja, kwa zamu. Wengine walicheka. Wengine waliuliza maswali mazuri: nani atabeba lawama mtoto akipotea mjini? Karatasi zikiulizwa njiani itakuwaje? Hayo tunaendelea kuyapanga.

Na kwa kuwa hata shilingi 500 si ya kila mtu, tulianza na safari isiyo na nauli. Makazi haya ni makubwa, karibu kilomita za mraba 185, na kuna watoto hapa hawajawahi kuona upande wa pili. Jumamosi moja tulichukua watoto 11, maji ya kunywa, mihogo ya kuchemsha, tukatembea asubuhi mpaka ziwani. Walikaa kivulini wakaangalia mitumbwi. Mtoto wetu akawaonyesha, kama mtu mwenye hati ya ziwa, kwamba maji haya yeye aliyaona kule mjini, yalikuwa bado njiani. Wakabishana sana. Jua lilipoanza kushuka mmoja akauliza kama tunalala huko. Tukamwambia hapana, tunarudi. Akauliza tena, kuhakikisha: "Leo?" Tukasema leo. Akachukua ndala zake akatangulia mbele.